Viza Haipimi VVU: Kinga kwa Wanandoa wa Kiafrika Walioko Ughaibuni

Tuwape majina ya kubuni: Baba Neema na Mama Neema. Mume alitangulia Marekani, akafikia kwa rafiki yake mjini Columbus, jimbo la Ohio, akawa analala mchana na kubeba maboksi ghalani usiku mpaka mambo yakakaa sawa. Mke alibaki nyumbani na mtoto. Ikapita miaka mitano ya simu za video, fedha za ada, na picha za Neema akiota meno, kisha za Neema huyohuyo akiwa kibogoyo. Siku karatasi zilipokamilika, mume alikwenda uwanja wa ndege akiwa na koti zito mkononi, maana alijua mkewe atashuka na sweta jepesi katikati ya Januari. Usiku ule wakalala kama mke na mume. Hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za VVU, na wala si kwamba hawakujali. Kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba serikali ilishauliza swali hilo kwa niaba yake.

Kila mmoja wao angekwambia, "Mimi nilipimwa kila kitu kabla ya viza." Kauli hii ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari. Ni kweli alipimwa: picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu, damu kwa ajili ya kaswende, na akachomwa chanjo. VVU havikuwamo. Kuanzia mwaka 1987 Marekani iliwazuia wageni wenye VVU kuingia nchini, na waombaji wa makazi ya kudumu walipimwa. Tarehe 4 Januari 2010 zuio hilo lilifutwa na kipimo kikaondolewa kwenye orodha. Hatua ile ilikuwa ya haki kabisa. Lakini taarifa yake haikufika mtaani, na watu wengi bado wanadhani muhuri wa viza ni cheti cha afya. Uingereza huwataka waombaji kutoka nchi nyingi za Afrika, wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita, walete kipimo cha kifua kikuu tu. Kanada na Australia bado huwapima VVU wanaoomba makazi ya kudumu kuanzia umri wa miaka 15. Kwa hiyo ndugu wawili waliotoka nyumba moja, mmoja akaenda Toronto na mwingine London, wote watakwambia "nilipimwa", na mmoja tu ndiye atakuwa sahihi. Hata huyo, majibu yake ni ya siku ile aliyotolewa damu.

Dhana nyingine inayokwenda sambamba na hiyo ni kwamba Mwafrika mwenye VVU aliyeko ughaibuni lazima alikuja navyo. Wenyeji husema hivyo kwa dharau, sisi wenyewe husema hivyo kwa hofu. Utafiti wa PARCOURS, uliofanyika mwaka 2012 na 2013 katika eneo la Paris miongoni mwa watu waliozaliwa Afrika kusini mwa Sahara, ulikadiria kwamba kati ya asilimia 35 na 49 ya waliokuwa wakiishi na VVU waliambukizwa baada ya kufika Ufaransa. Utafiti mwingine, aMASE, uliohusisha wahamiaji wa asili mbalimbali waliokuwa wakitibiwa katika nchi tisa za Ulaya, ulikuta asilimia 63 wameambukizwa baada ya kuhama. Humo walikuwamo pia wanaume wengi wanaopenda wanaume kutoka mabara mengine, kwa hiyo takwimu hiyo si ya Waafrika peke yao. Hata hivyo hadithi ya "mzigo uliotoka nyumbani" haisimami tena.

Kitu gani basi hutokea huko baada ya kufika? Hapa ndipo PARCOURS ulipochimba vizuri. Watafiti hawakuishia kuhesabu wapenzi, waliuliza pia habari za karatasi za ukaazi, kazi na mahali pa kulala. Ilichukua miaka sita hadi saba kwa nusu ya wahamiaji kupata vyote vitatu kwa pamoja. Ndani ya miaka hiyo mtu anaishi kwa hisani: sebuleni kwa binamu, chumbani kwa mtu aliyemjua kupitia mtu. Wanawake walioambukizwa baada ya kuhama walikuwa wamelazimishwa kingono wakiwa Ufaransa kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake wasio na VVU, na waliokuwa wakihifadhiwa na ndugu au jamaa walikuwa hatarini zaidi. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo "tumia kondomu" ni sawa na kumshauri mtu aliye kwenye mvua abadilishe nguo. Kinachomwezesha kukataa ni kuwa na ufunguo wa mlango wake mwenyewe.

Kwa wanandoa waliotengana, sheria ina mkono wake pia. Tangu Aprili 2024 anayetaka kumleta mwenzi wake Uingereza anatakiwa kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa pauni 18,600. Mlinzi wa usiku au mfanya usafi anaweza kuukimbiza mshahara huo kwa miaka. Miaka hiyo mke na mume wanaishi mabara mawili, na binadamu ni binadamu. Sisemi hivyo kumhalalishia mtu mpango wa kando au nyumba ndogo. Ninasema mtaalamu wa afya anayejaza "ameoa, mwenzi mmoja" kwenye fomu, kisha akaweka alama kwamba hatari ni ndogo, ameandika hali ya cheti cha ndoa na ameacha hali ya ndoa yenyewe.

Kinga inayoangalia uhusiano huanzia hapo. Badala ya kumuuliza mtu mmoja mmoja "wewe unajikingaje?", inawauliza wawili: mnajuana hali zenu? Mlipimana lini, na baada ya safari ipi? Mmekubaliana nini mmoja wenu akienda msibani nyumbani akakaa miezi mitatu? Virusi huhitaji watu wawili ili viambukizwe, kwa hiyo si ajabu kwamba mpango wa mtu mmoja huvuja.

Jambo hili kwa kweli limezaliwa Afrika. Mradi ulioanzishwa Kigali mwaka 1986 na mtafiti Mmarekani, Susan Allen, ndio uliokuwa mstari wa mbele kuwapima mume na mke pamoja na kuwapa majibu pamoja. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 kazi hiyo ikaendelea Lusaka, Zambia. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa upimaji wa wenza. Marekani nayo iliuchukua utaratibu huo, ikautengenezea mafunzo, na ikaupeleka zaidi kwa wanaume walio wapenzi wao kwa wao. Mke na mume kutoka Kigali au Lusaka wakihamia Marekani, kliniki kwa kawaida itawaita mmoja mmoja, kila mtu na miadi yake na mlango wake.

Kikao cha namna hiyo kina kanuni chache zinazofaa kujulikana. Kabla ya damu kutolewa, mshauri huhakikisha kila mmoja amekubali kwa hiari yake kusikia majibu ya mwenzake na yake kusikiwa. Akinusa kwamba mmoja ameburutwa, au kuna kipigo nyumbani, kikao cha pamoja hakifanyiki. Majibu yakitoka, mshauri hawaruhusu kuchimba nani alileta. Mazungumzo yanageukia mbele: tunafanya nini kuanzia leo? Wapo wanaoona kanuni hii inamlinda mkosaji. Mimi naiona ndiyo inayofanya kikao kiwezekane, kwa sababu aliyepimwa kwanza mara nyingi ndiye anayebebeshwa lawama, na mara nyingi anayepimwa kwanza ni mwanamke, kwa kuwa yeye ndiye anayekwenda kliniki ya wajawazito. Ndiyo maana pia ile hesabu ya akina baba, "mke wangu kapimwa kliniki yuko salama, basi na mimi niko salama", ni hesabu mbovu. Majibu ya mke si majibu ya mume. Kuna wenza wengi wenye majibu tofauti ambao wameishi pamoja miaka bila mmoja kumwambukiza mwenzake.

Na hao wenye majibu tofauti ndio waliotupatia sehemu kubwa ya tunachokijua leo. Utafiti wa HPTN 052 ulifuatilia jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, Kenya, Malawi na Botswana zikiwamo. Majibu ya mwisho, mwaka 2016, yalionyesha kwamba mwenye VVU akianza ARV mapema, maambukizi kwa mwenzake hupungua kwa asilimia 93. Maambukizi manane yaliyotokea baada ya dawa kuanzishwa yalitokea ama kabla virusi havijafubaa au baada ya dawa kushindwa kufanya kazi. Mwenye virusi vilivyofubazwa sawasawa hakumwambukiza mwenzake. Kule Ulaya, utafiti wa PARTNER ulihesabu jozi 888 za wenza waliojamiiana bila kondomu takriban mara 58,000 huku mwenye VVU akiwa kwenye dawa na virusi vyake vimeshuka chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu. Maambukizi kati yao: sifuri.

Lakini humo ndani kuna kitu ambacho mabango hayakitaji. Watu 11 katika PARTNER walipata VVU hata hivyo, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha virusi hivyo havikutoka kwa mwenzi waliyeandikishwa naye. Katika HPTN 052 pia yapo maambukizi 26 yaliyotoka nje ya uhusiano. Kwa hiyo dawa ya mmoja huwalinda wawili kwa yale yaliyo kati yao, na haina la kufanya na yaliyo nje. Anayewapa wanandoa ushauri akajifanya nyumba yao ni sanduku lililofungwa, amewadanganya kwa adabu.

Hapo ndipo dawa kinga, zile zinazoitwa PrEP, ambazo asiye na VVU huzitumia ili asiambukizwe, zinapoingia. Zilijaribiwa kwa jozi 4,747 za wenza wa Kenya na Uganda: vidonge vya kila siku vyenye dawa mbili vilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, pamoja na wale waliokuwa wakivisahau. Baadaye mradi mwingine katika nchi hizohizo, wenye jozi 1,013 za wenza, ulizitumia kama daraja: asiye na VVU anameza dawa kinga mpaka mwenzake atimize miezi sita ya ARV, kisha anaacha. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 96 kulingana na yaliyotarajiwa. Siku hizi kuna sindano pia. Cabotegravir, inayochomwa kila baada ya miezi miwili, iliidhinishwa Marekani Desemba 2021, na lenacapavir, mara mbili tu kwa mwaka, Juni 2025. Kwa mtu anayeishi na mashemeji watano kwenye nyumba ya vyumba viwili, tofauti kati ya sindano na kopo la vidonge linalolia kama kayamba ndani ya mkoba si ndogo.

Niseme kidogo habari ya lugha, maana kazi nyingi huharibikia hapo. Kwa Kiswahili, kwa miaka zaidi ya 30, "tumia kinga" imemaanisha kondomu. Kinga pia ni ule uwezo wa mwili kupambana na maradhi. Sasa muuguzi anamwambia mgonjwa kupitia mkalimani kwamba kuna "dawa za kinga". Mgonjwa anaelewa vidonge vya kuongeza nguvu mwilini, anashukuru, anaondoka. Au anaambiwa "virusi vyako havionekani", naye anasikia kwamba vimejificha kama jini, au kwamba amepona na anaweza kuacha dawa. Neno "vimefubaa" linafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu mtu anaelewa kwamba kitu kipo ila kimenyang'anywa makali, na kwamba ukiacha kukifubaza kitaamka. Ningependa kila mkalimani aanze na hilo.

Mkalimani mwenyewe ni habari nyingine. Muuguzi anabonyeza spika, simu inaita, inapokelewa. "Habari yako dada. Mimi ndiye mkalimani wako. Sauti yako kama ya watu wa Bukoba, au nimekosea?" Ni salamu ya upole tu. Lakini dada ameshafunga mdomo. Mji una Waswahili mia tatu, nusu wako kwenye kundi moja la WhatsApp, na michango ya msiba inapita kwa mhasibu mmoja anayejua majina yote. Kila swali kuanzia hapo litajibiwa "hapana". Watu wengi hawajui kwamba Marekani kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na kwamba haifai kumtumia mtoto au ndugu wa mgonjwa kwa kazi hiyo. Mgonjwa anaweza kuomba mkalimani wa simu kutoka jimbo la mbali, aombe wa jinsia fulani, na aombe jina lake lisitajwe kwenye simu.

Nimesema kikao cha pamoja ni kizuri. Si kwa kila mtu. Mke aliyeletwa kwa viza ya mume anaweza kuwa anaamini kwamba neno moja la mume litamrudisha nyumbani, na wapo waume wanaoutumia huo woga kama fimbo. Mtu wa namna hiyo apimwe peke yake kwanza, apate dawa peke yake, na suala la kumwambia mume lipangwe kwa wakati wake. Inasaidia kujua haya: kuwa na VVU peke yake si sababu ya kunyimwa makazi Marekani tangu ile Januari 2010. Chini ya sheria ya mwaka 1994 inayojulikana kama VAWA, mwenzi wa raia au wa mkaazi wa kudumu anayenyanyaswa anaweza kuomba karatasi zake mwenyewe bila mume kujulishwa. Uingereza nayo ina utaratibu wa muda kwa wenzi wa viza wanaokimbia unyanyasaji, na England matibabu ya VVU ni bure kwa yeyote, mwenye karatasi na asiye nazo, tangu Oktoba 2012. Idara za afya Marekani huweza kumwarifu mwenzi kwamba kuna uwezekano amekutana na VVU bila kutaja nani amesema. Kwa mtu mwenye wapenzi kadhaa hiyo ni siri, ila kwa mke na mume siri hiyo ni nyepesi kama kitambaa cha chachi, na mshauri mwaminifu atalisema hilo mapema.

Kanada kuna tahadhari ya ziada. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mwenye VVU asiyemwambia mwenzake anaweza kushtakiwa, isipokuwa pale ambapo virusi vyake viko chini na pia kondomu imetumika. Miongozo ya waendesha mashtaka imelegea baadaye, kwa kuzingatia sayansi ya virusi vilivyofubaa, lakini anayeishi huko aulize mwanasheria, asiulize kundi la WhatsApp.

Tuwarudie Baba Neema na Mama Neema. Tuseme miezi kumi baada ya lile koti la uwanja wa ndege, Mama Neema ni mjamzito, anapimwa kliniki, ana VVU. Anaomba aje na mume wake wiki inayofuata. Mume anapimwa, hana. Kwa kuwa vipimo vya maabara vya sasa vinaweza kuchukua hadi siku 45 kuona maambukizi mapya, anarudia baadaye: bado hana. Anaanza dawa kinga, mke anaanza ARV, na wanatumia kondomu mpaka kipimo cha wingi wa virusi kionyeshe vimeshuka. Wanakubaliana pia jambo ambalo halikuwa rahisi kulitamka: yeyote kati yao akiteleza nje, atakwenda kliniki ndani ya saa 72 kuanza dawa za siku 28 za kuzuia maambukizi, na atasema kabla ya kurudi kitandani. Mtoto anazaliwa salama.

Kisha linakuja la ziwa. Nyumbani mama mwenye VVU aliye kwenye dawa huhimizwa kunyonyesha. Marekani kwa miaka mingi aliambiwa asinyonyeshe kabisa. Tangu Januari 2023 mwongozo unasema aamue pamoja na daktari wake, kwani virusi vikiwa vimefubaa hatari ni chini ya asilimia moja, ingawa si sifuri. Mama Neema alichagua chupa. Hakufikiria kwamba chupa nayo inasema.

Wa kwanza kuisikia ni mama mkwe, kwenye simu ya video, usiku kwa saa za Ohio. "Mbona mjukuu wangu ananyonya mpira? Mama yake ana nini?" Mama Neema anainamisha uso. Mume anainuka na kuichukua simu, anaigeuza imwangalie yeye, huku mtoto yuko begani kwake na kitambaa cha kucheulia.

"Shikamoo mama. Usiku huku ni zamu yangu kumlisha, na mimi ziwa sina."

Mama mkwe anacheka mpaka simu inatikisika, kisha anauliza habari za baridi.